Chemchemi ya Bondeni na Kikao Kisichopiga Kura: Shajara ya Mradi, Januari hadi Novemba 2024

Jumapili, 14 Januari 2024

Leo baada ya ibada kikao cha shughuli kilipokea jambo la chemchemi, nami nikiwa karani mwandishi nimepewa kazi ya kuweka shajara hii tangu mwanzo wa mradi hadi mwisho wake. Shajara hii ni tofauti na daftari la kumbukumbu, kwa kuwa daftari hubeba sentensi chache tu zilizokubaliwa na wote, wala halielezi nani alinyamaza, nani alirudi nyumbani na kinyongo, au ni mara ngapi tuliahirisha. Nimeona ni vyema watakaotufuata wajue tulichoamua na pia jinsi tulivyokifikia.

Sisi ni ushirika mdogo wa Kanisa la Marafiki (Quakers) katika Kaunti ya Vihiga, magharibi mwa Kenya, mwendo usio mrefu kutoka Kaimosi, mahali ambapo mwaka 1902 Wamarekani watatu, Arthur Chilson, Edgar Hole na Willis Hotchkiss, walianzisha kituo cha kwanza cha misheni ya Marafiki katika nchi hii. Watu wazima walioandikishwa ni 43, na siku ya kikao cha shughuli hubaki kati ya 20 na 30. Juu yetu upo Mkutano wa Mwezi, kisha Mkutano wa Robo Mwaka, kisha Mkutano wa Mwaka, lakini mambo ya hapa kijijini, yaani ardhi ya kanisa, mfuko wa misiba, jiko, shule ya chekechea na sasa chemchemi, huamuliwa na sisi wenyewe tukiwa tumeketi pamoja.

Kwa msomaji asiye Rafiki ni lazima nieleze kwamba hatupigi kura. Karani anayeongoza husikiliza, na anapoona kikao kimeelekea upande mmoja husema kile anachokiona kuwa ndiyo nia ya kikao; mimi huandika hapo hapo na kusoma kwa sauti, na waliopo hujibu kama maandishi yanasema kweli. Kama yupo anayeona hayasemi kweli, tunayarekebisha au tunasubiri. Utaratibu huu ulianza kwa Marafiki wa kwanza wa Uingereza katika karne ya 17, lakini nadhani wazee wetu walipoupokea haukuwashangaza sana, kwa maana katika mabaraza ya ukoo nao walikuwa wakizungumza mpaka maneno yaishe.

Aliyeleta jambo la chemchemi ni mama mmoja wa USFW, umoja wa akina mama Marafiki. Alisimama, akasema kwamba maji ya bondeni yamepungua na kila mvua inaponyesha yanageuka rangi ya chai ya maziwa, akaketi. Hakutoa pendekezo lolote. Tulikaa kimya kwa muda, kisha mzee mmoja akasema kuwa mzigo huu si wa akina mama peke yao ingawa wao ndio wanaoubeba kichwani. Kumbukumbu ya leo inasema kwamba kikao kimeupokea mzigo huo kuwa wake, na kwamba watu saba watakwenda kuangalia, watatu kati yao wakiwa majirani wasio washiriki wetu, kwa sababu maji hayo hayaulizi mtu anasali wapi.

Jumapili, 28 Januari

Kamati ilikwenda bondeni jana alfajiri, nami nikafuatana nayo. Tulikuta mitungi 31 ya manjano imepangwa kwenye foleni, mingine ikiwa imelala hapo tangu usiku kwa niaba ya wenyewe. Kwenye jicho la chemchemi mtoto wa miaka kama tisa alikuwa amechomeka kipande cha jani la mgomba katika ufa wa udongo ili maji yashuke kwenye mtungi badala ya kutambaa ukutani, na kila jani lilipolegea alilitoa, akalikunja upya kwa vidole viwili na kulirudisha, kwa ustadi wa mtu aliyefanya kazi hiyo miaka mingi. Tulihesabu kwa saa ya simu: mtungi wa lita 20 ulijaa kwa dakika 2 na sekunde 50. Bibi mmoja aliyekuwa kwenye foleni alisema kwamba yeye alipoolewa hapa mtungi ulijaa kabla hujamaliza kumwamkia mwenzako.

Fundi tuliyekwenda naye alionyesha mambo matatu. Kwanza, jicho liko wazi, kwa hiyo maji ya mvua yanayoteremka kutoka shambani yanaingia moja kwa moja pamoja na samadi. Pili, nduma zimelimwa hadi ukingoni na udongo umelegea. Tatu, na hapa alinyamaza kidogo kabla ya kusema, juu ya jicho, kama hatua 14, imesimama mikaratusi 11 iliyokomaa. Hakuna mtu wa Vihiga asiyejua kwamba mkaratusi hunywa maji. Kila mtu katika kamati alijua pia miti hiyo ni ya nani: ni ya mzee wetu, mmoja wa walioketi mbele kanisani kwa miaka 30.

Jumapili, 11 Februari

Kikao cha leo kilikuwa kigumu, nami nitakieleza kwa urefu.

Taarifa ya kamati ilisomwa na mzee mwenye miti akajibu bila hasira. Alisema miti hiyo aliipanda kwa ajili ya karo, kwamba mjukuu wake yuko kidato cha tatu na hana chanzo kingine, na kwamba hapendi kusikia kanisa likijadili mali ya mtu mbele yake kana kwamba hayupo. Mshiriki mwingine alikumbusha kwamba mwaka 2009 Waziri wa Mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo kando ya vyanzo vya maji iondolewe, hivyo jambo hili linaweza kupelekwa kwa naibu wa chifu na likaisha kwa siku moja. Maneno hayo yalipotamkwa niliona migongo ikinyooka kwenye viti.

Karani alituomba tunyamaze. Tulikaa kimya kwa muda ambao kwa kukadiria ulikuwa dakika 10, kisha akauliza kama yupo mwenye neno. Hakuna aliyesimama. Akauliza tena, akitazama upande wa akina mama. Hakuna aliyesimama. Angekuwa karani mwingine, labda angesema kwamba kikao kimeridhika kuiacha miti ibaki, kwa kuwa hakuna aliyempinga mwenye miti. Yeye alisema hivi: "Sioni kwamba tumekubaliana. Naona tumenyamaza tu." Akaniagiza niandike, nami nikaandika na kusoma: "Kikao kimesikia mzigo wa maji na kimesikia mzigo wa karo. Hakijaona njia. Jambo linabaki mbele yetu." Wote wakasema maandishi hayo ni kweli.

Yaliyofuata sikuyaandika katika daftari. Tulipokuwa tukiosha vikombe jikoni, akina mama walizungumza wazi kabisa, na kila mmoja alikuwa na la kusema kuhusu miti ile. Niliwauliza kwa nini hawakusema ndani. Mmoja akaniangalia kama mtu anayemwonea huruma mgeni, akasema, "Karani, yule ni baba mkwe wangu." Wapo wakamwana wawili wa mzee huyo katika ushirika wetu, na kwa desturi yetu mkamwana hasimami mbele ya watu akampinga baba mkwe, hata ndani ya nyumba ya Mungu, hata kama ni yeye anayeamka saa kumi za usiku kwenda kuweka mtungi kwenye foleni.

Nimelifikiria jambo hili jioni nzima. Tunafundisha kwamba nuru ya Mungu imo ndani ya kila mtu na kwamba yeyote aweza kupewa neno kwa ajili ya wote. Tunasubiri kimya ili neno hilo lipate nafasi. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini masikioni pangu leo kimya cha kuridhika na kimya cha heshima au cha woga vilikuwa na sauti moja. Kama karani asingekuwa mwangalifu, tungeandika uongo katika daftari letu na kuuita nia ya kikao.

Jumapili, 25 Februari

Hakuna kikao leo, ila kuna mambo mawili ya kuandika.

La kwanza ni kwamba watu watatu, yaani karani, mzee mmoja na mama mmoja wa rika lake, walimtembelea mwenye miti nyumbani Jumatano. Walikubaliana tangu njiani kwamba hawaendi kumshawishi. Walikunywa chai, wakauliza habari za mjukuu, wakaonyeshwa barua ya karo kutoka shuleni, wakaomba pamoja, wakarudi. Karani aliniambia kwamba mzee alipowasindikiza hadi njiani alisema yeye mwenyewe huletewa maji ya chemchemi ile na anaiona rangi yake.

La pili ni la akina mama. Katika mkutano wao wa Alhamisi walijadili chemchemi kwa utaratibu ule ule wa kikao cha shughuli, karani wao akaandika kumbukumbu, ikasomwa na kukubaliwa. Kumbukumbu hiyo wataileta mbele ya kikao chetu kama sauti ya USFW nzima, bila jina la mtu. Kwa njia hiyo hakuna mkamwana atakayekuwa amempinga baba mkwe, na hakuna neno litakalobaki jikoni. Wazo hili ni lao wenyewe, na kwa maoni yangu ndilo jambo kubwa kuliko yote yaliyotokea katika mradi huu hadi sasa.

Jumapili, 10 Machi

Kumbukumbu ya akina mama ilisomwa mwanzoni. Ilikuwa fupi: wanaona miti haiwezi kukaa pale na chemchemi ikaishi, wanaona pia karo ya mtoto haiwezi kutupwa, nao wako tayari kuchangia kwa vyote viwili. Baada ya kimya, msichana mmoja wa kikundi cha vijana aliuliza bei ya mti mmoja ni kiasi gani. Mwenye miti alijibu kuwa mnunuzi wa nguzo alimpa shilingi 3,000 kwa kila mti. Msichana akauliza kama kanisa lingeweza kuinunua yote 11 kwa bei hiyo hiyo, shilingi 33,000, na kulipa kwa awamu tatu zinazolingana na mihula ya shule, kisha mbao na nguzo zitumike kwa uzio wa chemchemi na paa la jiko, ambalo tungelinunulia mbao kwa vyovyote mwaka huu.

Sikusikia kimya kama kile kwa muda mrefu. Mwenye miti alisimama, akasema, "Nimesikia, na ninapokea," akaketi. Mshiriki mmoja anayejali sana fedha za kanisa alisema haoni ni sawa kanisa kununua miti ambayo serikali ilishaamuru iondolewe, ila hatazuia, na akaomba hilo liandikwe. Nimeliandika. Watu wa nje hudhani kwamba kukubaliana bila kura ni kulazimisha kila mtu awe na wazo moja. Sivyo. Mtu anaweza kusema sijaridhika ila sitazuia, na neno lake likabaki katika daftari milele, ili ikitokea kwamba yeye ndiye aliyeona sawasawa tuweze kurudi na kumwambia.

Kutoka siku ambayo jambo la miti lilifika mbele yetu hadi leo zimepita wiki nne. Naibu wa chifu angeliamua kwa siku moja, na bado tungehitaji kuketi kanisani pamoja na mzee huyo kila Jumapili.

Jumapili, 28 Aprili

Miti ilikatwa katika wiki ya tatu ya Machi na awamu ya kwanza ya shilingi 11,000 ikalipwa siku hiyo hiyo. Visiki vimebanduliwa gome na kufukiwa, maana mkaratusi ukiachwa huchipua tena. Mbao zimepangwa nyuma ya kanisa zikauke.

Kazi nyingine imesimama. Mvua ya mwaka huu ni kubwa, sehemu nyingi za nchi zimekumbwa na mafuriko, na bondeni hapashikiki. Kamati imetumia muda huu kukusanya mawe. Watoto wa shule ya Jumapili wamebeba kokoto kwa vikopo, na rundo lao limekuwa kubwa kuliko nilivyotarajia.

Jumapili, 30 Juni

Leo jambo la chemchemi liliingia katika jambo lingine, na nadhani ni haki liandikwe hapa.

Jumanne iliyopita, tarehe 25, vijana waliandamana nchini kote kupinga Mswada wa Fedha, watu wakapoteza maisha, na siku iliyofuata Rais akatangaza kwamba hatautia saini. Wawili wa vijana wetu walikuwa Nairobi. Ibada ya leo ilikuwa ya maombolezo zaidi kuliko kitu kingine. Katika kikao cha shughuli kijana mmoja alisimama na kusema kwamba wanawadai viongozi wa taifa hesabu ya kila shilingi, na hawawezi kufanya hivyo kwa dhamiri safi huku kanisani kwao hesabu za mradi zikisomwa mara mbili tu kwa mwaka, na michango ikipokelewa kwenye simu ya mtu binafsi.

Mweka hazina wetu ni mama mwaminifu ambaye amefanya kazi hiyo bila malipo kwa miaka 12, na simu hiyo ilikuwa yake. Niliuona uso wake. Wazee wawili walitaka kumkemea kijana, na karani akawaomba waketi. Baada ya kimya alimuuliza kijana kama anamshuku mtu yeyote. Kijana akajibu, "Hapana. Namwamini Mama kuliko ninavyojiamini mimi. Lakini siku atakapokuja mwingine, utaratibu utakuwa ule ule." Nilifurahi kwamba swali hilo liliulizwa kwa sauti na kujibiwa kwa sauti.

Mweka hazina mwenyewe ndiye aliyetoa njia. Alisema amechoka kulala na fedha za watu kwenye simu chini ya mto, akaomba isajiliwe laini ya kikundi, atakayetoa fedha asiwe mmoja, na hesabu ibandikwe mlangoni kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Kumbukumbu iliandikwa kwa maneno yake karibu yote, na mmoja wa vijana ameteuliwa kuwa mtia saini wa tatu. Ukweli ni moja ya shuhuda zetu za zamani sana. Marafiki wa kwanza walikataa kuapa mahakamani kwa sababu mtu anapaswa kusema kweli siku zote, akiwa ameapa au hajaapa. Karatasi ya hesabu mlangoni inatoka katika mzizi huo huo.

Bajeti kamili, kama itakavyobandikwa, ni shilingi 141,500, miti ikiwa ndani yake. Zilizopatikana hadi leo ni shilingi 97,200.

Jumamosi, 20 Julai

Ujenzi umeanza. Naandika nikiwa bondeni, nimeketi juu ya mfuko wa saruji mtupu.

Fundi na vijana sita wamechimba kufuata maji hadi walipofika kwenye mwamba mgumu, ambapo maji yanatoka kwa matundu manne badala ya lile moja tulilolijua. Hili limewapa watu furaha kubwa, maana tulikuwa tukichota kwa robo tu na kuacha mengine yapotelee kwenye tope. Sasa utajengwa ukuta mbele ya matundu ukiwa na bomba mbili. Nyuma ya ukuta yatajazwa mawe makubwa yaliyooshwa, kisha kokoto za watoto, kisha karatasi ya nailoni, kisha udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, na juu kabisa udongo wa kawaida wenye nyasi. Upande wa juu utachimbwa mfereji wa kukinga maji ya mvua ili yapite kando. Yatajengwa pia mabawa mawili ya ukuta na ngazi za kushukia, na kwa ombi la akina mama ngazi ziwe fupi na pana, kwa sababu mtu anayepanda akiwa na lita 20 kichwani haoni miguu yake.

Wamiliki wa nduma wamesogea hatua 10 kutoka ukingoni. Hilo halikuhitaji kikao. Mmoja alisogea na wengine wakamfuata.

Jumapili, 18 Agosti

Kumetokea hitilafu. Wiki mbili baada ya ukuta kukamilika maji yalianza kuchuruzika pembeni mwa bawa la kushoto huku bomba moja likipungua nguvu. Fundi alikuja, akagonga, akasikiliza, akasema bila kuzunguka kwamba udongo wa mfinyanzi haukushindiliwa vizuri upande huo kwa sababu siku ile mvua iliwakimbiza na waliporudi walifunika haraka. Kufungua na kurudia kunahitaji siku tatu na mifuko minne ya saruji.

Swali mbele ya kikao lilikuwa nani alipe. Wapo waliosema ni fundi, kwa kuwa kosa ni lake. Wapo waliosema vijana waliokuwa wakimsaidia ni wetu, na sisi ndio tuliokuwa tukimharakisha ili amalize kabla ya shule kufunguliwa. Hilo la pili lilikuwa kweli. Mimi mwenyewe nilimpigia simu mara mbili. Tuliona kwamba fundi atoe kazi yake bila malipo na kanisa litoe saruji. Fundi, ambaye si mshiriki wetu na aliitwa aketi nasi jambo lake lilipofika, alisema hajawahi kuona watu wakigawana kosa, akauliza kama anaweza kusoma alichoandikiwa kabla hakijapita. Nilimpa daftari. Aliomba neno "uzembe" liwe "haraka", nasi tukaona kwamba "haraka" ndilo neno la kweli zaidi.

Jumapili, 8 Septemba

Chemchemi imekamilika na haivuji. Mtungi mmoja kwenye bomba moja unajaa kwa dakika 1 na sekunde 5, na bomba la pili karibu sawa na hilo, ila tumo katika msimu wa mvua na sipendi mtu yeyote atangaze ushindi kwa tarakimu hizo. Kipimo cha haki kitapatikana Januari, tarehe ile ile tuliyopima mara ya kwanza, saa ile ile.

Jana ilichaguliwa kamati ya watumiaji wa maji, na neno "ilichaguliwa" si sahihi, kwa hiyo nieleze. Walikuja watu wa nyumba 58, wengi wao si Marafiki, na miongoni mwao wapo wanaotoka upande wa Nandi, maana mpaka wa kaunti hauko mbali. Bwana mmoja alisema kwa nia njema, "Tupige kura tumalize, jua linawaka." Karani wetu, aliyeombwa kuongoza, hakumkatalia. Alisema kura inawezekana, lakini akaomba kwanza kila upande wa kijiji utaje mtu ambaye hata wasiompenda wangemkabidhi ufunguo wa lango. Majina yalitajwa taratibu, mengine yakaondolewa na wenyewe, na mwishoni walibaki saba ambao hakuna aliyekuwa na neno juu yao. Mmoja wao ni mama kutoka upande wa pili wa mpaka.

Wazee wanaokumbuka machafuko ya mwanzo wa mwaka 2008, baada ya uchaguzi, wanajua maana ya jina lile kuwemo. Wakati ule njia ya kutoka bondeni kuelekea upande wa juu haikupitika. Januari ya mwaka huo Marafiki kutoka sehemu mbalimbali walikutana Kakamega kutafuta namna ya kufanya kazi ya amani, na kazi hiyo ikaendelea kwa miaka mingi katika mafunzo, ziara na vikao. Sisi hatukuwa na kikundi kikubwa cha amani hapa. Tulikuwa na chemchemi, na hata siku zile, watu walipoogopana, waliichota kwa zamu.

Kila nyumba itatoa shilingi 30 kwa mwezi kwa matengenezo. Wajane watatu wasio na kipato hawatatoa, na majina yao hayataandikwa popote.

Jumapili, 10 Novemba

Awamu ya tatu ya miti ililipwa muhula wa tatu ulipoanza, kwa hiyo deni la shilingi 33,000 limekwisha. Mzee aliomba risiti isomwe kikaoni, nayo ikasomwa. Alikuwa ameleta miche minane ya mikuyu aliyoiotesha mwenyewe kwenye makopo ya mafuta, na baada ya kikao tulishuka naye bondeni kuipanda pale mikaratusi iliposimama. Mkamwana wake mmoja alimshikia miche, mwingine akamwagilia.

Hesabu ya mwisho iliyobandikwa mlangoni inaonyesha tumetumia shilingi 144,700, yaani 3,200 zaidi ya bajeti, ambayo ni ile mifuko minne ya saruji. Nguzo zilizobaki zinatosha uzio wote na nusu ya paa la jiko.

Jambo la jinsi akina mama wanavyoleta sauti yao limejadiliwa leo kwa mara ya pili. Wengine wanaona kumbukumbu ya USFW iwe na nafasi ya kudumu mwanzoni mwa kila kikao cha shughuli. Mama mmoja mzee anaona kwamba tukiizoea njia hiyo, wakamwana hawatasimama kamwe wenyewe, na yeye angependa awasikie kwa masikio yake kabla hajafa. Nilidhani ninajua upande wangu mpaka aliposema hivyo. Karani hakuona nia ya kikao, na kumbukumbu niliyoiandika na kuisoma ni hii: "Tumesikia pande mbili na zote mbili zina uzito. Kwa sasa kumbukumbu ya akina mama itaendelea kusomwa. Jambo lenyewe litarudi mbele yetu Januari."

Kipimo cha mtungi nacho kimepangwa kufanyika mwezi huo huo.